Mageuko, Tabianchi na Swali Lisiloulizwa

Mwezi Aprili mwaka 2012 jimbo la Tennessee nchini Marekani lilipata sheria mpya ya elimu. Gavana Bill Haslam hakuitia saini wala hakuizuia, na kwa utaratibu wa jimbo hilo muswada ukawa sheria vivyo hivyo. Anayeisoma kwa haraka hataona ubaya wowote ndani yake: inawalinda walimu wanaotaka kuwasaidia wanafunzi kupima nguvu na udhaifu wa nadharia za kisayansi zinazofundishwa darasani. Nani atapinga upimaji? Lakini sheria hiyo inataja pia masomo ambayo inasema yanaweza kuzua ubishi, na orodha yake ndiyo inayostahili kusomwa mara mbili: mageuko ya viumbe, chanzo cha uhai kwa njia ya kemia, ongezeko la joto duniani, na unakilishaji wa binadamu, yaani kutengeneza nakala ya mtu kwa maabara. Jimbo la Louisiana lilikuwa limetangulia mwaka 2008 kwa sheria inayofanana na hiyo.

Kwamba Tennessee inahofia mageuko si jambo la kushangaza. Ni huko huko, katika mji mdogo wa Dayton, ambako mwaka 1925 mwalimu John Scopes alitozwa faini ya dola 100 kwa kosa la kufundisha kwamba binadamu ametokana na wanyama wa ngazi ya chini. Kinachoshangaza ni jirani waliyemwekea Charles Darwin, mwasisi wa nadharia ya mageuko: sayansi ya joto la dunia. Mtaalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, na mwanafizikia wa angahewa hawatumii vyombo vya aina moja, hawaandiki katika majarida yale yale, na wakikutana huenda wakakosa la kuzungumza kuhusu kazi zao. Hakuna sababu ya kisayansi ya kuziweka taaluma hizo mbili kwenye sentensi moja. Waliozifungia ndoa ni wabishani, si watafiti, na kwa hiyo ukitaka kuelewa ubishi huo itakubidi uitazame namna ya kubishana kabla ya kuitazama sayansi yenyewe.

Sikiliza midahalo yote miwili kwa muda wa kutosha na utazisikia hoja zile zile zikiwa zimebadilishiwa mavazi. Hakuna aliyekuwepo kushuhudia, husemwa kuhusu kale ya viumbe; hakuna ajuaye ya kesho, husemwa kuhusu joto la miaka hamsini ijayo. Wanasayansi wenyewe hawajakubaliana, husemwa kuhusu yote mawili. Na juu ya zote iko ile ya kwamba hiyo ni nadharia tu. Katika Kiswahili hoja hii ina uzito wa pekee, kwa sababu tumezoea kuitaja nadharia kama kinyume cha vitendo. Tukisema mpango fulani umebaki kwenye nadharia, tunamaanisha kwamba haujafanyika na pengine hautafanyika. Katika sayansi neno hilo hilo lina hadhi nyingine: ni maelezo yanayofunga pamoja ushahidi mwingi uliokusanywa kwa njia tofauti, na ambayo yameshajaribiwa mara nyingi bila kuanguka. Kwamba vijidudu husababisha magonjwa nayo ni nadharia, na sijawahi kumsikia mgonjwa akimwambia daktari wa upasuaji asijisumbue kunawa mikono.

Lugha imetuchezea pia katika lile swali maarufu: ikiwa mtu ametokana na nyani, mbona nyani bado wapo? Hakuna mwanabiolojia anayesema kwamba mtu ametokana na nyani. Kinachosemwa ni kwamba mtu na sokwe wana mhenga mmoja aliyeishi miaka milioni sita au saba hivi iliyopita, na kwamba ukoo wa nyani ulijitenga mapema zaidi. Ni kama kuulizwa, ikiwa wewe na binamu yako mna babu mmoja, mbona binamu yako bado yupo. Kwa upande wa pili tumebahatika. Neno tabianchi lilitungwa na mtu aliyejua anachokifanya, kwa kuwa ndani yake imo tabia: mtu wa tabia ya upole anaweza kufoka siku moja, na siku hiyo moja haibadilishi tabia yake. Anayeonyesha theluji ya wiki hii kama ushahidi kwamba dunia haipati joto amechanganya kufoka na tabia.

Haya yote yangeweza kusahihishwa mapema kama habari za sayansi zingeandikwa vizuri, lakini habari za sayansi zina ugonjwa wake. Habari hutaka jipya; nguvu ya sayansi, mara nyingi, iko katika lililozeeka. Hakuna mhariri atakayeweka ukurasa wa kwanza taarifa kwamba hewa ya ukaa hunasa joto, kwa sababu mwanafizikia John Tyndall alikuwa akilipima jambo hilo jijini London tangu mwaka 1859, mwaka ule ule ambao kitabu cha Darwin kilitoka, na Eunice Foote wa Marekani alikuwa ameshaonyesha miaka mitatu kabla yake kwamba chupa iliyojaa hewa hiyo hupata joto zaidi juani. Kwa hiyo msomaji hupewa kila wiki ukingo wa sayansi, pale ambapo watu bado wanapapasa, bila kuonyeshwa bara zima lililo nyuma ya ukingo huo, na mwishowe huamini kwamba sayansi yote ni kupapasa.

Mfano mmoja unanikera hadi leo. Januari 2009, mwaka wa kuadhimisha miaka 200 tangu Darwin azaliwe, jarida moja mashuhuri la sayansi la Uingereza lilitoka na jalada lililotangaza kwa herufi kubwa kwamba Darwin alikosea. Ndani yake mlikuwa na makala ya maana kabisa: bakteria hupeana jeni kwa upande, si kwa kurithishana kutoka kwa mzazi peke yake, na kwa hiyo mti wa uhai, hasa kwenye mizizi yake, unafanana na wavu kuliko mti. Hakuna hata aya moja iliyosema kwamba viumbe havikugeuka. Wahariri walijua watakavyosomwa, wakaonya ndani ya toleo lile lile kwamba wapinzani wa mageuko wasijipatie faraja humo. Lakini onyo la ndani halina nguvu mbele ya jalada. Wanabiolojia kadhaa waliandika barua ya malalamiko, na jalada likaendelea na safari yake bila wao.

Ugonjwa wa pili ni ule wa viti viwili. Mtangazaji anayetaka kuonekana mwadilifu humwita mtafiti, kisha humtafutia mpinzani, naye hukaa katikati kama mwamuzi. Agosti 2017 redio ya BBC ilimhoji Nigel Lawson, aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa Uingereza, naye akasema kwamba wastani wa joto duniani ulikuwa umeshuka kidogo katika miaka kumi iliyotangulia. Haikuwa kweli, na hakuna aliyemsahihisha hewani. BBC ilikiri kosa miezi michache baadaye, na mwezi Aprili 2018 Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji, iliamua kwamba kanuni za usahihi zilikuwa zimevunjwa. Wengi walihitimisha kwamba hakupaswa kualikwa. Mimi naona walilaumu mahali pasipo. Mwanasiasa ana haki ya kusema sera ya nishati ni ghali. Ni mjadala wa halali na unamhusu. Kosa lilikuwa kwamba mhoji hakuwa na namba mezani, ilhali namba hiyo ilipatikana kwa dakika tano za kutafuta.

Dawa inayopendekezwa siku hizi ni kutangaza maafikiano: wanasayansi wengi mno wamekubaliana, basi jambo limekwisha. Ni kweli kwamba wamekubaliana. Ripoti ya Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2021 ilisema pasipo shaka kwamba binadamu wameipasha joto angahewa, bahari na nchi kavu. Lakini kuhesabu vichwa kuna hatari yake, kwani ukishaifanya sayansi kuwa kura, mpinzani naye ataleta daftari lake la wapiga kura. Hilo lilitokea. Taasisi moja ya Seattle ilianza kukusanya saini za wasomi wanaotilia shaka mageuko, na mwaka 2003 kituo cha Marekani kinachotetea ufundishaji wa sayansi kikajibu kwa mzaha: kikakusanya saini za wanasayansi wanaoyakubali mageuko, kwa sharti kwamba kila mmoja awe anaitwa Steve, au Stephanie, au jina la jamii hiyo, kwa kumuenzi marehemu Stephen Jay Gould, mtaalamu wa mageuko. Waliotia saini wamepita 1,400. Mzaha huo ulikuwa mtamu, tena ulisema kweli kwamba orodha za majina hazithibitishi kitu. Tatizo ni kwamba aliyecheka ni yule aliyekuwa ameshakubali.

Kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2012 Dan Kahan wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Wamarekani na tabianchi. Wengi walitarajia kwamba kadiri mtu anavyojua sayansi na hesabu ndivyo anavyowakaribia wanasayansi. Walichokuta ni kwamba kadiri ujuzi huo ulivyopanda ndivyo kambi mbili zilivyozidi kuachana, kwa sababu mtu mwerevu hutumia werevu wake kulilinda kundi lake. Kwa hiyo kumwaga taarifa peke yake hakutoshi, na kumwambia mtu kwamba wakubwa wameshaamua kunamkumbusha tu yuko kundi gani.

Swali ambalo habari za sayansi haziulizi, na ambalo naamini lingebadilisha namna tunavyobishana, ni hili: wazo hili lilijiweka wapi katika hatari ya kuaibika, na ilikuwaje? Wazo lisiloweza kuaibika halina thamani, awe amelisema profesa au mhubiri. Na katika yote mawili, mageuko na tabianchi, jibu lipo na linasimulika.

Tuanze na samaki. Katika miamba yenye umri wa miaka milioni 385 hivi kuna samaki wenye mapezi manene yenye mifupa. Katika miamba ya miaka milioni 365 kuna wanyama wa miguu minne. Mtaalamu wa visukuku Neil Shubin na wenzake walijiuliza: ikiwa hawa walitokana na wale, basi kiumbe wa katikati anapaswa kuwa kwenye mwamba wa umri wa katikati, tena mwamba uliotokana na matope ya mito, si ya bahari kuu. Wakafungua ramani za jiolojia, wakatafuta mahali duniani penye mwamba wa umri huo ambao hakuna aliyewahi kuuchimba ipasavyo, wakaangukia Aktiki ya Canada. Walikwenda mwaka 1999, wakarudi tena na tena, wakipoteza majira ya kiangazi katika baridi na upepo, hadi mwaka 2004 katika kisiwa cha Ellesmere walipoona pua bapa ya samaki ikichungulia kutoka kwenye jabali. Alikuwa na magamba na mapezi, lakini alikuwa na shingo, kitu ambacho samaki hana, na ndani ya pezi lake kulikuwa na mifupa iliyopangika kama bega, kiwiko na kifundo cha mkono. Wazee wa Wainuiti, wenyeji wa Aktiki hiyo, wakawapa jina, Tiktaalik. Alichapishwa mwaka 2006. Kama mageuko ni hadithi ya kubuni, ramani ile iliwafikishaje pale?

Mwandishi mwaminifu hataishia hapo. Mwaka 2010 zilitangazwa nyayo za wanyama wa miguu minne kutoka Poland, katika miamba iliyo mikongwe kuliko Tiktaalik kwa mamilioni ya miaka. Maana yake ni kwamba Tiktaalik si babu wa moja kwa moja bali ni ndugu aliyesalia na umbo la ukoo, na kwamba safari ya kutoka majini ilianza mapema kuliko ilivyodhaniwa. Huu ndio ubishi halisi wa wataalamu, nao ni wa lini na kwa njia ipi.

Sasa tugeukie anga. Wengi husema kwamba jua ndilo linaloongeza joto. Ni wazo la kuheshimika, kwa sababu nalo linaweza kuaibika. Kama jua limeongeza nguvu, tabaka zote za angahewa zinapaswa kupata joto, za chini na za juu. Kama ni hewa ya ukaa, hesabu zinatoa jambo la ajabu: tabaka la chini lipate joto, na stratosfia, tabaka lililo juu yake, ipoe. Syukuro Manabe na Richard Wetherald walichapisha hesabu hiyo mwaka 1967, zaidi ya miaka kumi kabla setilaiti hazijaanza kupima joto la tabaka hizo mfululizo. Vipimo vilipokuja, chini kulikuwa kunapata joto na juu kunapoa. Kupungua kwa ozoni kulichangia upoaji huo, hasa katika sehemu ya chini ya stratosfia, lakini hakutoshi kuueleza wote. Manabe alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2021. Na kama mtu atauliza tunajuaje kwamba hewa ya ukaa iliyoongezeka imetoka kwenye moshi wetu, atazamwe kaboni wa aina ya 14, ambaye hufifia hadi karibu kwisha katika makumi ya maelfu ya miaka. Makaa ya mawe yamekaa ardhini mamilioni ya miaka na hayana tena kaboni huyo. Hans Suess alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba sehemu ya kaboni 14 katika kaboni yote ya hewa ilikuwa imepungua, kama maziwa yaliyotiwa maji.

Lakini kisa kinachonivutia zaidi ni pale ambapo vipimo vilikataa. Katika miaka ya 1990 John Christy wa Chuo Kikuu cha Alabama mjini Huntsville na Roy Spencer, wakati huo wa NASA, walikuwa na takwimu za setilaiti zilizoonyesha kwamba tabaka la chini la angahewa halipati joto la maana. Hawakuwa walaghai, walikuwa watafiti wenye chombo kizuri, na nadharia ilikuwa mashakani kwelikweli. Mwaka 1998 watafiti wengine wakaonyesha kwamba setilaiti zilikuwa zikishuka polepole katika njia yake, jambo lililozaa upoaji wa uongo. Mwaka 2005 wakaonyesha kosa jingine: setilaiti zilikuwa zikichelewa kupita juu ya mahali pale pale mwaka hadi mwaka, na marekebisho ya ucheleweshaji huo yalikuwa yamejumlishwa pale yalipopaswa kutolewa. Christy na Spencer walikubali, wakasahihisha, na joto likaonekana, ingawa wao wenyewe wameendelea kuamini kwamba hatari inatiwa chumvi.

Kisa hicho kina pacha wake upande wa mageuko. Lord Kelvin, mwanafizikia aliyeheshimika kuliko wote wa zama zake, alikokotoa umri wa dunia kutokana na kasi ya kupoa kwake, na kufikia mwaka 1897 alikuwa ameushusha hadi kati ya miaka milioni 20 na 40. Darwin alijua kwamba muda huo hautoshi, na hadi anafariki mwaka 1882 hesabu za Kelvin zilikuwa mwiba kwake, kwani hakuwa na jibu. Hesabu hazikuwa na dosari. Dhana zilizotangulia hesabu ndizo zilizokuwa nazo. Kelvin alichukulia kwamba joto la ndani husafiri kwa kupenya tu katika mwamba mgumu, wala hakujua kuhusu madini nururifu, yale yanayotoa joto yenyewe. Mwaka 1956 Clair Patterson, kwa kupima madini ya risasi yaliyomo katika vimondo, alipata umri wa miaka bilioni 4.55, na namba hiyo haijasogea sana tangu hapo.

Sisemi kwamba vipimo ndivyo hukosea siku zote. Fuvu la Piltdown, lililotangazwa mwaka 1912 kuwa la mhenga wa binadamu, lilikuwa ghushi, na lilifaa mno matarajio ya wataalamu wa Uingereza, ndiyo maana lilidumu hadi mwaka 1953. Ripoti ya Jopo ya mwaka 2007 ilidai kwamba barafu za Himalaya zingeweza kutoweka ifikapo 2035, dai lisilo na msingi ambalo jopo lilikiri kuwa ni kosa Januari 2010. Piltdown iliumbuliwa na maabara, na dai la Himalaya lilitiliwa shaka na wataalamu wa barafu. Gazeti lililoripoti aibu hizo lilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Lilichosahau ni kueleza ni nani aliyezigundua.

Kuna mambo ambayo bado hayajaafikiwa, na yanafaa kuandikwa kwa nafasi kubwa kuliko ubishi wa bandia. Mwaka 1979 kamati iliyoongozwa na Jule Charney ilikadiria kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka maradufu dunia itaongezeka joto kwa nyuzi 1.5 hadi 4.5 za Selsiasi. Ripoti ya mwaka 2021 iliubana ukadiriaji huo hadi kati ya 2.5 na 4, na sehemu kubwa ya mashaka yaliyobaki inatokana na mawingu. Kati ya 2.5 na 4 kuna tofauti ya maisha ya watu wengi.

Yapo pia maswali ambayo maabara haiyajibu: nani apunguze moshi kwanza, nani alipe, na mtu aliyetokana na samaki ana utu gani mbele ya Mungu wake. Nadhani ukaidi mwingi unazaliwa hapa. Mtu huletewa furushi lililofungwa: ukiukubali mfupa, uache imani, ukiikubali chati ya hewa ya ukaa, ukubali na kodi fulani. Akilikataa furushi anaitwa mjinga wa mfupa. Theodosius Dobzhansky, miongoni mwa wajenzi wakuu wa biolojia ya mageuko katika karne ya 20, alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi, na Papa Yohane Paulo wa Pili alisema mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana. Wanasayansi wanaopenda kuuza ukanamungu pamoja na visukuku wamewasaidia sana waandishi wa sheria za Tennessee.

Na sheria ile bado ipo. Inamruhusu mwalimu kupima nguvu na udhaifu, na mwalimu anayeichukulia kwa maneno yake anaweza kuingia darasani, akaandika ubaoni namba ya Kelvin, chini yake namba ya Patterson, pembeni mstari wa joto wa Huntsville kabla na baada ya masahihisho, kisha akawapa wanafunzi kipindi kizima watafute ni wapi kila mmoja alipokosea na ni nani aliyemkamata.